Uvimbe wa Taya si Jini: Jibu kwa Wauza Hirizi na Wauza Dawa za Kutokufa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vyote vya mdomo wa mto Ruvuma, na kila nyumba ya pwani itakayofikiwa na ukurasa huu, nataka tuzungumze juu ya jambo linalotuzikia watoto huku sisi tumekaa twalitazama. Mtoto huvimba taya. Meno yake hulegea. Badala ya kupelekwa hospitali, hupelekwa kwa mganga, akachanjwa chale, akavishwa hirizi, akafukizwa ubani, na wazazi wakaambiwa kwamba amepigwa na jini. Anapofika kwa daktari, uvimbe umeshashuka tumboni na umeshapanda machoni.

Hilo ni kundi la kwanza. Kundi la pili ni la kisasa zaidi. Hao hupita masokoni na stendi na vipaza sauti, wamevaa makoti meupe kama waganga wa serikali, wakiuza vidonge na chupa ambazo, kwa madai yao, huzuia seli za mwili zisife, ili mtu asizeeke wala asiugue.

Makundi haya mawili yaonekana kama hayana udugu. La kwanza hushika tunguri, la pili hushika karatasi yenye picha za rangi. Lakini kosa lao ni moja: yote mawili hayajui mauti yana kazi gani ndani ya mwili ulio hai. Na asiyelijua hilo hawezi kujua saratani ni kitu gani, sembuse kuitibu.

MWILI HUISHI KWA KUFA

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo vitabu vyetu vya zamani viliviita chembe hai na watoto wetu shuleni huviita seli. Wengi wetu twadhani kwamba maadamu mtu yu hai, basi kila kilichomo ndani yake ki hai, na kwamba mauti ni mgeni ajaye mara moja tu, siku ya mwisho. Sivyo. Kila siku ipitayo, mwili wa mtu mzima mwenye afya hupoteza seli zaidi ya bilioni 50, na mwenyewe hana habari, anakula na kucheka. Seli nyekundu za damu huishi kiasi cha siku 120, kisha huondolewa. Seli zilizotanda ndani ya utumbo hazifikishi hata juma moja. Mahali pa zilizokufa huzaliwa nyingine, na mizani ikabaki sawa.

Wala kazi hii haianzi uzeeni. Huanza tumboni mwa mama. Qur'ani imetuhimiza tutazame hatua za kuumbwa kwetu, basi na tuitazame hatua hii moja. Kiganja cha mtoto huanza kikiwa bapa kama kasia, vidole vimeunganishwa kwa ngozi mithili ya mguu wa bata. Kisha seli zilizo baina ya kidole na kidole hufa, na vidole vikaachana. Kazi hiyo isipokamilika, mtoto huzaliwa na vidole vilivyoshikana. Mkono ushikao kalamu, mkono uvutao jarife, mkono tunaoutilia udhu mara tano kwa siku, umechongwa na mauti.

Tazameni pia viumbe vilivyotuzunguka. Kiluwiluwi wa madimbwini hupoteza mkia wake akawa chura, na mkia ule haukatwi na mtu: seli zake hufa kwa zamu. Mti nao una mishipa ya kupandishia maji kutoka mizizini, na mishipa hiyo ni seli zilizokufa kwa mpango, zikabaki kuta tupu kama mabomba. Kwa hiyo nahodha aliye ndani ya jahazi, na mwenye nyumba aliyelala chini ya boriti za mikoko, wamehifadhiwa na seli zilizokufa kwa utaratibu.

Na askari wa damu, wale wanaotulinda na maradhi, wana chuo chao. Nyuma ya mfupa wa kifua ipo tezi iitwayo thaimasi, na humo hufundishwa kumtambua adui. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya wanafunzi hao hufa kabla ya kutoka, kwa kuwa hawafai kazi, au kwa kuwa wangeweza kuugeukia mwili wenyewe wakaushambulia. Lau wangeachwa wote waishi, mtu angeliwa na jeshi lake.

KUFA KUNA AINA MBILI

Yafaa ijulikane kwamba seli haifi kwa namna moja tu. Kuna kufa kwa msiba na kuna kufa kwa utaratibu.

Kufa kwa msiba ni kama kule kwa mtu aliyeungua moto, au aliyeumwa na kifutu, nyama yake ikaoza. Seli hufura, hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, na jirani zake wakaumia. Mahali pale pakawa pekundu, pakavimba, pakatunga usaha. Ni mfano wa nyumba zilizoangushwa na kimbunga Kenneth mwezi wa Aprili 2019 kwa jirani zetu wa Cabo Delgado, ng'ambo ya mto: mabati huku, miti kule, na mtu asiye na kosa akajeruhiwa na paa la mwenzake.

Kufa kwa utaratibu ni kama fundi mwenye adabu avunjaye nyumba kuukuu. Huteremsha makuti, huchomoa boriti moja moja, na jirani huja kuchukua kila kimfaacho. Seli hunywea, huukatakata waraka wake wa ndani, hujigawa vipande vidogo, na kila kipande hufungwa ndani ya utando wake kama maiti ndani ya sanda. Kisha hutoa nje alama iliyokuwa imefichwa upande wa ndani wa utando, na seli jirani zikiiona alama ile huja zikavimeza vile vipande. Hakuna usaha, hakuna uvimbe, hakuna kilio.

Madaktari watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikuwa pamoja katika chuo kikuu cha Aberdeen huko Uskochi walipokipa kifo hiki jina lake mwaka 1972. Waliliomba kwa mwalimu wa Kiyunani, naye akawapa neno lenye maana ya kudondoka kwa majani. Wakaliita apoptosi. Sisi wa pwani hatuhitaji Kiyunani ili tulifahamu hilo. Mibuyu ya Mikindani hupukutisha majani kila kiangazi, wala hakuna asemaye mbuyu umelogwa.

NANI ANAYETOA HUKUMU?

Je, seli hujuaje kwamba saa yake imefika? Wataalamu walijifunza mengi kutokana na mnyoo mdogo wa udongoni ambaye urefu wake ni milimita moja. Mnyoo huyo, anapokua, hutengeneza seli 1,090 za mwili wake, na 131 kati ya hizo hufa. Ni seli zile zile, kwa wakati ule ule, katika kila mnyoo. Kwa kazi hiyo Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Robert Horvitz na John Sulston, walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2002. Walithibitisha kwamba kufa kwa seli kumeandikwa ndani ya seli yenyewe, katika ule waraka wa maumbile uitwao DNA.

Kwa mwanadamu milango ya hukumu ni miwili. Mlango wa kwanza ni wa ndani. Seli inapopata dosari katika waraka wake, protini iitwayo p53 huisimamisha isizae. Mfano wake ni kadhi mwadilifu: kwanza hutoa muda wa suluhu, dosari irekebishwe, ikishindikana, hupitisha hukumu. Hapo vile viwanda vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya seli, viitwavyo mitokondria, hutobolewa, na kinachovuja huviamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ambavyo ni kama visu vilivyokuwa vimelala ndani ya ala. Zipo protini za ukoo wa BCL-2 zinazoshindana hapo mlangoni. Nyingine huzuia hukumu isitekelezwe na nyingine huihimiza, na katika kushindana huko ndimo mna mizani. Mlango wa pili ni wa nje: askari wa damu huijia seli iliyoingiwa na virusi au iliyopotoka, wakaipa amri ya kufa.

Mizani hii ikizidi upande mmoja, seli hufa kupita kiasi. Virusi vya UKIMWI humwangamizia mtu askari wake wa damu, na kiharusi humuua mtu seli za ubongo ambazo zingali zinahitajiwa. Ikizidi upande wa pili, seli iliyostahili kuondoka hukataa. Hula chakula cha wenzake, huzaa watoto wakaidi kama yeye, husongamana, kisha hutuma watoto wake kwenda kuteka viungo vya mbali. Huyo ndiye tunayemwita saratani. Neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ni kaa, na kila mvuvi ajua kaa akishika haachii.

Tena tazameni ndovu wanaovuka mto Ruvuma baina ya nchi yetu na Msumbiji. Mwili wa ndovu una seli nyingi mno kuliko zetu, na ingedhaniwa kwamba saratani ingemmaliza. Kumbe kwake ni maradhi adimu. Mwaka 2015 wataalamu walieleza sababu mojawapo: mwanadamu amepewa jeni moja ya kutengeneza p53, lakini ndovu anazo zipatazo 20. Seli yake ikiharibika, huhukumiwa upesi zaidi kuliko yetu. Kumbe mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu hukingwa na wepesi wa seli zake kukubali kufa.

UVIMBE WENYEWE

Sasa turudi kwenye taya la mtoto. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi alimwona mwingine mjini Jinja. Akaanza kupekua vitabu vya hospitali, na mwaka 1958 akaandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri kiasi cha maili 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipitia Tanganyika, na kila hospitali wakionesha picha na kuuliza: je, mmepata kuwaona watoto wa namna hii?

Walichokikuta chatuhusu sisi moja kwa moja. Ugonjwa huu haukuwa milimani penye baridi. Ulikuwa mabondeni, penye joto na mvua, na ramani yake ilishuka kusini kwa kufuata pwani ya Msumbiji. Mdomo wa Ruvuma umo ndani ya ramani hiyo. Ni ramani ya mbu, na Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, huko London, walikuta virusi ndani ya seli za uvimbe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Virusi hivyo huenea kwa mate, na takriban sisi sote tunavyo. Kwa walio wengi hulala kimya. Lakini kwa mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara tangu uchangani, seli za damu ambazo ndizo makazi ya virusi hivyo hulazimika kuzaana kwa wingi, na katika pilikapilika hiyo waraka wa maumbile hukatika na kuungwa vibaya. Jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuamrisha seli izae, huhamishwa kutoka mahali pake na kuwekwa mahali isipolala usiku wala mchana.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Seli inayosukumwa hivyo na MYC, kwa kawaida hujihukumu kufa. Hiyo ndiyo kinga aliyotuwekea Muumba. Uvimbe hutokea pale tu kinga hiyo nayo inapovunjwa: ama p53 imeharibika, ama virusi vimeleta protini yao ifananayo na zile za BCL-2 zinazozuia kufa. Basi seli ile imepata amri ya kuzaa bila ya amri ya kuondoka. Huu ni miongoni mwa uvimbe unaokua upesi kuliko wote, na waweza kukua maradufu kwa muda wa siku moja hadi mbili. Sasa mpigieni hesabu mganga anayesema, "Mleteni tena baada ya siku saba."

WATASEMA, NASI TUTAWAJIBU

Kwanza watasema: haya si maradhi ya hospitali. Kauli hii naisikia kila mwaka. Bibi mmoja wa upande wa Msimbati aliniletea mjukuu wake, taya limevimba kama aliyeficha embe mdomoni.

"Sheikh," aliniambia, "mtoto huyu ana kitu. Tuandikie kombe."

Nikamwambia, "Bi mkubwa, kombe nitaandika na dua nitasoma. Lakini gari la kwenda Ligula laondoka saa ngapi?"

"Hospitali ni ya maradhi ya hospitali, Sheikh."

"Na huyo jini, Bi mkubwa, mbona amechagua njia ya mbu?"

Akanyamaza, kisha akacheka, kisha akalia. Jioni ile walikuwa Mtwara mjini, na baada ya siku chache walikuwa njiani kwenda Dar es Salaam. Alhamdulillahi, kijana yule leo anasoma juzuu ya tatu. Mwingine wa mtaa wa pili, aliyeng'olewa meno na kuzungushwa kwa mafundi watatu kwa majuma sita, tulimsalia.

Mimi sikanushi kuwapo kwa majini, Qur'ani imewataja. Lakini kuwapo kwa jini si hoja kwamba kila kivimbacho ni jini. Shehe au fundi anayemtaja jini kabla mtoto hajapimwa amesema asilolijua, na kusema juu ya ghaibu bila ya elimu ni dhambi kubwa. Ibn Sina na al-Zahrawi wa Andalusia waliandika juu ya saratani yapata miaka 1,000 iliyopita, nao waliieleza kuwa ni maradhi ya mwili. Al-Zahrawi alishauri ikatwe ingali ndogo, kwa kuwa ikishakua haishikiki. Basi anayewaambia kwamba hospitali ni mambo ya Wazungu, mwulizeni kama amepata kufungua vitabu vya Waislamu wenzake.

Pili watasema: kila kitu ni kadari, aliyeandikiwa kufa atafa. Kweli, lakini ugonjwa ni kadari na dawa nayo ni kadari. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwaelekeza watu wajitibu, akawafahamisha kwamba maradhi yameteremshwa pamoja na dawa zake. Hakuna mvuvi wa Msimbati anayeacha kuziba ngalawa yake inayovuja, akakaa akisema kadari. Mbona tawakali yetu haifiki baharini, yaishia kwa watoto tu?

Tatu watasema: dawa za saratani ndizo zinazoua. Jibu lake ni kwamba dawa hizo huirudishia seli ile hukumu iliyoikimbia. Nyingine huharibu waraka wake, nyingine huikamata inapojigawa, hata ikalazimika kufa kwa ule utaratibu wa asili. Nywele hutoka na mdomo huchubuka kwa sababu seli za mizizi ya nywele na za utando wa mdomo nazo huzaana upesi, zikipumzishwa hurudi. Katika miaka ya 1960 Burkitt aliwaona watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka kwa dozi chache tu, na mwaka 1967 ikaanzishwa Kampala taasisi ya kuwatibu watoto hawa. Leo, katika nchi tajiri, takriban tisa kati ya kila watoto kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa mbili ni kuchelewa kufika na kukatiza matibabu.

Nne, watasema wao nao wana mizizi na majani. Naam, na mojawapo ya dawa hizo za hospitali, iitwayo vinkristini, yatokana na jani. Ni lile ua dogo jeupe na la waridi lenye asili ya Bukini, ambalo huota nyuani mwetu na watoto hulichuma. Lakini mamia ya kilo za majani makavu hutoa kiasi cha gramu moja tu ya dawa, na kipimo chake kikizidi huua. Anayemchemshia mtoto majani hayo kwa kukadiria na kikombe hatibu, anacheza na sumu. Isitoshe, uvimbe huu ukianza kufa hufa kwa kasi, mabaki ya seli yakajaa katika damu na kuyalemea mafigo. Ndiyo maana mtoto hulazwa, akatiwa maji mshipani na kupimwa damu mara kwa mara. Mganga yupi ana kipimo hicho katika mkoba wake?

WAUZA DAWA ZA KUTOKUFA

Nakuja kwa wenye vipaza sauti. Wao husema, "Dawa yetu huzifanya seli zisife." Nawauliza: seli zipi? Za utumbo zisizotakiwa kufikisha juma? Askari wa damu wanaotaka kumla mwenye mwili? Au ile iliyoharibika waraka wake?

Seli zisizokufa zipo, nami nitawaambia zilipo. Mwaka 1951 alikufa huko Marekani mwanamke mmoja, Henrietta Lacks, mwenye umri wa miaka 31, kwa saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walikuwa wamechukua seli za uvimbe wake bila ya idhini yake, na seli hizo zingali zazaana katika maabara za dunia nzima hadi leo. Zenyewe hazikufa. Mwenye nazo amekufa zamani, akaacha watoto wadogo. Hiyo ndiyo bidhaa mnayonadiwa pale stendi kwa fedha za korosho.

Na kwa kuwa nimeitaja saratani hiyo, wazazi wa mabinti na wasikie. Huletwa na virusi ambavyo kazi yao mojawapo ni kuiangamiza ile p53, yaani hummaliza kadhi kwanza ndipo wafanye watakalo. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Waliozusha kwamba chanjo hiyo huwafunga kizazi mabinti zetu wamesema uongo, na siku ya hesabu wataulizwa juu ya kila mama aliyezikwa kwa uvumi wao.

YATUPASAYO

Ndugu zangu, mtoto akivimba taya, au meno yake yakilegea pasipo sababu, au jicho likatokeza, au tumbo likajaa, na hasa akiwa baina ya miaka minne na minane, msingoje. Mpelekeni Ligula, au hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, au Ndanda kwa walio karibu. Kipande cha uvimbe kipimwe. Mkielekezwa Muhimbili, nendeni. Njia ni zaidi ya kilomita 500 na nauli ni nzito, najua. Kwa hiyo watu wa msikiti wachange. Tumezoea kuchangia sanda, basi na tuchangie nauli kabla ya sanda. Hospitalini ulizeni watu wa ustawi wa jamii juu ya gharama. Na matibabu yakishaanza msiyakatize kwa kuwa uvimbe umenywea. Seli chache zilizobaki zatosha kuanza upya.

Chandarua nacho mkitumie kulalia watoto, msikifanye wavu wa dagaa. Kila malaria tuizuiayo ni mlango mmoja tuufungao mbele ya ugonjwa huu.

Walimu wa madrasa wenzangu, sisi huletewa mtoto kabla ya daktari. Someni ruqya, ni haki na ni sunna, lakini msome mtoto akiwa njiani. Mwalimu amchelewishaye mgonjwa kwa ajili ya bahasha asidhani kwamba Qur'ani aliyoisoma itamtetea.

Na sote tuchukue mazingatio. Mwili umejengwa kwa seli zilizokubali kuwapisha wenzao saa zao zilipofika, na huangamizwa na seli moja iliyosema, "Mimi siondoki." Nyumba, kijiji na hata kamati za misikiti zina watu wa aina hiyo, nao wanajijua. Lakini mtoto wa miaka sita mwenye uvimbe wa taya saa yake hatuijui sisi, wala haijui mganga. Tulichoamrishwa ni kumtibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atupe akili ya kuufuata ukweli kila tuuonapo. Wabillahi taufiq.